Nusu-Uhai

Walileta biskuti za tangawizi na kalamu zenye nembo,
wakafungua ramani, wakaibana pembe nne kwa vikombe vya chai.
Jangwa letu lilikuwa jeupe pale, jeupe kama bandeji,
na katikati duara moja jekundu,
dogo kuliko kifungo cha shati la Bwana Prescott.

"Hakuna kitu hapa," akasema, kwa upole,
nami nikatafsiri,
maana ndiyo kazi niliyokodiwa siku ile:
dola ishirini kwa saa, na petroli.
Shangazi Verna akaniuliza kwa lugha yetu:
"Kasema hakuna kitu, au kasema hakuona kitu?"
Sikujua nimrudishie lipi.

Bwana Prescott akaendelea. Mapipa ya chuma,
zege kuzunguka chuma, udongo kuzunguka zege.
Taka za hospitali, akasema, glavu na makoti ya madaktari,
vitu vyepesi.
Mzigo wa mwenzio ni kanda la usufi.
Kelvin, aliyeendesha lori miaka kumi na moja kwenye mgodi wa urani,
alicheka, akakohoa, akashindwa kuacha kukohoa.

Kisha likaja lile neno.
Nusu-uhai.
Nikakwama katikati ya sentensi kama gari mchangani.
Ninalo neno la nusu: nusu mkate, nusu ya njia.
Ninalo neno la uhai, na hilo twalitamka taratibu
tukiwa karibu na maji.
Nikayafunga pamoja. Yakakataa kufungika.
"Nusu ya uhai wa nani?" akauliza Shangazi.
Nikalipeleka swali kwa Kiingereza bila kulichuja.
Bwana Prescott akatazama saa yake.
"Ni hesabu tu," akasema. "Miaka mingi kidogo."

Nyuma ya ukumbi, mlangoni, alisimama Heather Lindqvist,
mjane mwenye kondoo elfu nne ng'ambo ya ua,
aliyetunyima ufunguo wa lango la kisima
tangu mumewe angali hai.
Kofia mkononi, bila kumtazama yeyote, akasema:
"Kondoo wangu wanakunywa maji hayohayo."
Huo ndio ulikuwa msamaha wake wote.
Tuliupokea. Kelvin akamsogezea kiti.

Ndipo Shangazi akachukua kalamu yao.
Walidhani anasaini; mmoja akaanza kutabasamu.
Aliinamia ramani, miwani imeshikwa kwa uzi,
akawa anaandika huku akisema:
hapa maji chini ya mwamba, yenye chumvi kidogo mwezi wa Januari;
hapa emu hutaga;
hapa dada yangu Myrtle alizaliwa, kwenye kivuli cha mulga,
mama akiwa peke yake na kisu;
hapa usipite, na usiniulize kwa nini;
hapa wingu la majaribio yao lilitukuta tunachuna sungura,
nikiwa na miaka sita,
na tangu siku hiyo babu aliongozwa kwa fimbo.
Kalamu ikaisha wino.
Akanyoosha mkono apewe nyingine.

Nilitafsiri yote, isipokuwa pale pa kutouliza.
Hapo nilinyamaza, na kunyamaza kwangu
kulikuwa tafsiri sahihi kuliko zote.

Tukirudi, taa za gari zikila barabara nyekundu,
nilimfikiria huyo mgeni wanayetuletea.
Mgeni siku ya tatu hupewa jembe.
Huyu anaomba kulala miaka elfu kumi,
hana mkono wa kushikia mpini,
na wenyeji wake waliomzaa
hawataki alale kwao hata usiku mmoja.

Kwenye hati ya malipo niliandika: saa tatu, petroli.
Kwenye nafasi ya maelezo niliandika:
neno moja halikupita.

Walinilipa kamili.
Jumanne imekuja barua nyingine. Nembo ni mpya.
Duara ni lilelile, ila safari hii wamelisogeza
upana wa kidole kuelekea kisimani,
na Heather amepiga simu kabla sijafungua bahasha,
kuuliza tunakutana saa ngapi,
na kama alete chai.